Namba za Futari: Lahajedwali Ipi Ilishe Dashibodi?



Jioni ya tarehe 6 Machi 2025, Ramadhani ikiwa bado changa, nilisimama nyuma ya masufuria uani kwenye msikiti mdogo tunaofuturia hapa Buyenzi, nikihesabu sahani. Dashibodi niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilisema watu 143. Mama mpishi alipika wali na maharage ya watu 143, akaongeza kidogo kama ilivyo kawaida yake. Waliokuja walikuwa 211. Baada ya Magharibi mama aligonga mwiko kwenye sufuria tupu, akaniambia bila hasira: "Mwanangu, ile televisheni yako imetudanganya." Wengi waligawana sahani. Wa mwisho katika foleni walirudi bweni na tende tatu na kikombe cha uji.

Pengo lilikuwa la watu 68, na halikuwa pengo la bahati mbaya. Wote 68 walitoka katika bweni moja, lile ambalo wanafunzi wengi hawana vifurushi vya intaneti, kwa hiyo majina yao hayaingii kwa fomu ya simuni bali kiongozi wao huyaleta kwenye karatasi na sisi tunayaandika kwa mkono. Yaani dashibodi iliwasahau wale wale ambao futari ya jumuiya ndiyo futari yao ya pekee. Amir hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Akhi, majina uliyaandika au hukuyaandika?" Nilikuwa nimeyaandika. Yalikuwemo ndani ya lahajedwali, yote 68, mstari kwa mstari.

Mhariri ameniomba niandike somo kuhusu jambo hili, kwa kuwa kamati nyingine za jumuiya zimeanza kutaka dashibodi zao: ya maktaba, ya ada za safari, ya mfuko wa wagonjwa. Swali linaloniijia kila mara ni "tutumie Excel au Google Sheets?" Nitalijibu, lakini kwanza niwaonyeshe mahali majina 68 yalipojificha, maana jibu langu limetoka humo.

Tarehe 6 Machi iliyogeuka Juni

Lahajedwali ni jedwali la kompyuta lenye mistari na safu, na kila chumba chake kinaitwa seli. Dashibodi ni ukurasa unaosoma jedwali hilo na kuonyesha majumla na michoro, ili anayetaka kuamua asihangaike kusoma mistari mia tatu. Dashibodi haina akili yake. Inaamini kile seli inachosema.

Faili letu lilifunguliwa na ndugu mmoja ambaye akaunti yake ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani. Wamarekani huandika mwezi kwanza, siku baadaye. Sisi tukiandika 06/03/2025 tunamaanisha tarehe sita ya mwezi wa tatu. Faili lilielewa tarehe tatu ya mwezi wa sita. Fomu ya simuni haikuathirika kwa sababu inaweka saa na tarehe yenyewe, lakini kila jina lililoandikwa kwa mkono siku ile lilihamia Juni. Dashibodi ikaulizwa "leo ni wangapi?", ikajibu kwa uaminifu kabisa: 143.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Kuanzia tarehe 1 hadi 12 ya mwezi, kompyuta inageuza siku na mwezi bila kulalamika, maana miezi ipo 12 na kila namba inaleta maana. Ikifika tarehe 13, hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo seli inakataa kuwa tarehe na kubaki maandishi matupu. Kama Ramadhani ingeanza katikati ya mwezi tungeligundua siku ya kwanza. Ilianza mwanzoni mwa Machi, tukalipata mbele ya masufuria.

Usiku ule nilirudi bweni nikapitia na upande wa pesa. Humo nako kulikuwa na shida, na hii inatuhusu sisi wa Burundi kuliko watu wengi. Wengine wetu tumesomeshwa hesabu kwa Kifaransa, wengine wametoka shule za Kiingereza, na mikono yetu inaandika elfu ishirini kwa namna tofauti. Chukua michango mitano ya faranga elfu ishirini, iliyoandikwa na watu watano:

20,000
20.000
20 000
20000
20000 F

Ukweli ni laki moja. Katika faili lenye mpangilio wa Marekani, ya kwanza ni elfu ishirini. Ya pili ni ishirini, kwa sababu nukta kwao ni ya desimali. Ya tatu ni maandishi, na fomula ya kujumlisha huruka maandishi bila kusema neno. Ya nne ni elfu ishirini. Ya tano ni maandishi tena. Jumla: 40,020. Zaidi ya nusu ya michango imeyeyuka, na hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Ile 20 ya mwisho ndiyo iliyonifungua macho. Jumla ya mfuko ilikuwa ikiishia na mikia ya ajabu, mara 35, mara 85, na nilikuwa nimeiona siku mbili nzima nikaipita. Nani anatoa sadaka ya faranga 85? Hapa kwetu hakuna mchango ulio chini ya 500. Namba ilikuwa inapiga kelele kwa namna yake, mimi ndiye sikuwa na masikio.

Kwa nini hili linaamua programu

Sasa tufike kwenye uchaguzi. Katika Google Sheets, mpangilio wa nchi ni mali ya faili. Ukiuweka mara moja kwenye mipangilio ya faili, kila anayelifungua, awe na simu ya Kifaransa au kompyuta ya Kiingereza, anaandika chini ya kanuni ile ile. Katika Excel ya kwenye kompyuta, mpangilio unafuata kompyuta. Faili lile lile likifunguliwa kwenye mashine ya Kifaransa, mkato ni desimali. Likihamia kwenye mashine ya Kiingereza, nukta ndiyo desimali. Thamani iliyokwisha kuingia kama namba haiharibiki kwa kuhama, lakini inayoandikwa upya inategemea umekaa kwenye kiti cha nani. Ukitoa data kama faili la CSV mambo yanazidi: Excel ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato, na ukilifungua faili hilo kwenye Excel ya Kiingereza kila kitu kinaangukia kwenye safu moja kama mchele uliomwagika.

Aliyewahi kunakili fomula kutoka kwenye video ya YouTube anajua upande mwingine wa jambo hili. SUMIF kwenye Excel ya Kifaransa inaitwa SOMME.SI, na mkato unaotenganisha vipengele unakuwa nukta-mkato. Ukifungua faili, Excel yenyewe inatafsiri. Ukibandika fomula kama maandishi, haitafsiri, inakupa kosa, na mwaka wa kwanza wote unafikiri wewe ndiye mjinga.

Kwa nchi yenye kompyuta za lugha mbili kwenye meza moja, hoja hii peke yake ilinitosha kuchagua Google Sheets. Rafiki yangu wa kitivo cha uchumi anasema natia chumvi, kwamba watu wafundishwe tu kuandika namba vizuri. Nimejaribu kuwafundisha. Wanaandika vizuri siku mbili.

Tuliweka mpangilio wa Uingereza: siku inatangulia mwezi, na desimali ni nukta. Angalizo kwa atakayefuata: kubadili mpangilio hakuponyi yaliyokwisha kuharibika. Ile tarehe 3 Juni imehifadhiwa ndani kama tarehe 3 Juni, nawe ukibadili nchi itaendelea kuwa 3 Juni, ila sasa imevaa mavazi ya Kiingereza. Ishirini itabaki ishirini. Tulikaa na dada mhazini mpaka usiku wa manane tukiandika upya mstari mmoja mmoja kutoka kwenye karatasi na kwenye ujumbe wa malipo ya simu.

Baada ya hapo tuliweka kanuni ya uhakiki kwenye safu ya pesa: seli ikubali namba tu, na isiwe chini ya 500. Kanuni hii ndogo inakamata makosa yote kwa pamoja. Anayeandika 20.000 amekataliwa, kwa kuwa ishirini ni chini ya mia tano. Anayeweka nafasi katikati amekataliwa, kwa kuwa si namba. Watu wote tuliwaomba waandike 20000 bila pambo, na seli yenyewe ndiyo iweke alama ya maelfu. Tarehe za kuandikwa kwa mkono zinaanza na mwaka, 2025-03-06, ambayo haina utata wa siku na mwezi. Excel nayo ina uhakiki wa namna hii, ila mlinzi wake hulala ukibandika: anakagua kinachochapwa kwa vidole, si kinachobandikwa kutoka kwingine. Na sisi nusu ya data yetu inabandikwa kutoka WhatsApp.

"Hai" ni hai kiasi gani?

Kila mtu anataka dashibodi iliyo hai. Nikiwauliza hai kiasi gani, wananyamaza.

Data inasafiri kwa vituo. Mtu anaandika kwenye seli. Katika Google Sheets wenzake walio ndani ya faili wanaiona baada ya sekunde chache. Kama dashibodi imetengenezwa kwa Looker Studio, chombo cha bure cha Google ambacho hadi 2022 kiliitwa Data Studio, chombo hicho hakisomi faili kila mtu anapotazama. Kinaweka nakala ya akiba, na kwa chanzo cha Google Sheets kawaida yake ni kuisasisha kila dakika 15. Halafu kuna skrini yenyewe. Ukurasa tuliokuwa tunaufungua asubuhi kwenye televisheni ya msikiti ulibaki na namba za asubuhi mpaka mtu aupakie upya, na funguo za chumba kile alikuwa nazo muadhini peke yake.

Kama katikati ya safari umeweka fomula ya IMPORTRANGE, inayovuta data kutoka faili moja hadi jingine, ongeza kituo kingine. Kwa maelezo ya Google wenyewe, fomula hiyo hukagua mabadiliko kila saa moja faili likiwa wazi. Kwetu mara nyingi ilikuwa haraka kuliko hapo, lakini "mara nyingi" huwezi kumpikia mtu.

Upande wa Microsoft vituo ni vingine. Faili la Excel lililoko OneDrive, likiunganishwa na Power BI, hukaguliwa takriban kila saa moja. Ukipanga usasishaji wa ratiba kwa leseni ya kawaida ya Pro, unapata mara 8 kwa siku. Na Power BI ya mtandaoni inadai akaunti ya kazi au ya chuo; kwa anwani ya kawaida ya binafsi hujisajili. Vyuo vyenye mkataba na Microsoft havina shida hapo. Chetu hakina, kwa hiyo mjadala uliishia mlangoni.

Mimi nilipoteza wiki nzima nikipigania sekunde kabla sijauliza swali nililopaswa kuanza nalo: nani anaamua nini, saa ngapi? Mama mpishi ananunua mchele saa tisa alasiri. Orodha inafungwa saa nane. Baada ya saa nane, hata namba ikibadilika kila sekunde, haiongezi punje moja kwenye sufuria. Kabla ya saa nane, dakika 15 za kuchelewa hazimdhuru mtu. Tulichohitaji ni namba sahihi saa nane na robo. Dashibodi ya michango vivyo hivyo: wachangiaji wanafurahi kuona mchango wao umeonekana siku ile ile, hawakai wakiutazama usogee.

Ndiyo maana mwishowe niliitupa Looker Studio, pamoja na rangi zake nzuri nilizozihangaikia. Dashibodi yetu ya leo ni karatasi ya pili ndani ya Google Sheets ile ile: namba nne kubwa, mchoro mmoja wa wiki, basi. Inasoma karatasi ya kwanza moja kwa moja, haina akiba wala kituo cha katikati, na inabadilika wakati mwandishi anaandika. Kwa jumuiya yenye mistari mia kadhaa sioni sababu ya zaidi ya hapo. Looker Studio inafaa pale vyanzo vinapokuwa viwili au vitatu, au watazamaji wanapotaka kuchuja wenyewe kwa tawi na kwa mwezi.

Wagombea wengine, kwa haki

Excel ya kwenye kompyuta inabaki bora kwa mambo mawili: hesabu nzito, na kufanya kazi bila mtandao. Umeme ukikatika saa tano, mwenye laptop yenye chaji anaendelea kama hakuna kilichotokea. Lakini kama chanzo cha dashibodi ya watu wengi ina ugonjwa mmoja tulioujua sana mwaka wa kwanza: faili linakaa kwa mtu mmoja, na wengine wanapata nakala. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kulikuwa na futari_mwisho, futari_mwisho_2, na futari_mwisho_kabisa, na hii ya kabisa ilikuwa ya zamani kuliko ya 2. Excel iliyowekwa OneDrive inatibu ugonjwa huo, watu wanaandika pamoja, na toleo la kwenye kivinjari ni la bure. Aliyekwisha kuizoea asihame kwa sababu ya maneno yangu.

LibreOffice Calc ni ya bure, ya wazi, inafungua mafaili ya Excel, na inakimbia hata kwenye kompyuta kuukuu za maktaba. Naipenda na naitumia kwa tasnifu. Kama chanzo cha dashibodi haifai kwetu, kwa kuwa faili lake linakaa kwenye diski na halina mahali pa kukutania watu, isipokuwa uwe na mtu wa kuendesha seva.

Google Sheets nayo bila mtandao si kiwete kabisa. Katika kivinjari cha Chrome au Edge unaweza kuwasha matumizi ya nje ya mtandao, ukaandika gizani, yakapanda mtandao ukirudi. Lazima uwashe kabla umeme haujakatika, na hapo ndipo tunaposhindwa sote.

Jambo moja lililonifanya niipende ni historia ya matoleo. Katika usiku ule wa tarehe 6 niliweza kurudi nyuma saa kwa saa na kuona kila mstari ulivyoingia na kwa akaunti ya nani. Hatukumtafuta mkosaji; aliyeandika tarehe aliandika sawa kabisa. Lakini katika pesa za watu, kuweza kuonyesha ni jambo kubwa. Dada mhazini hata hivyo hakuacha daftari lake, na akibanwa hutukumbusha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Sijapata hoja ya kumjibu, na kwa kweli daftari ndilo lililotuokoa usiku ule.

Masafa yaliyokatwa

Mtego mwingine unawahusu wanaotumia fomu. Kila jibu la Google Forms huingia kama mstari mpya. Fomula uliyoiandika pembeni ya mstari wa juu haishuki yenyewe kufuata mistari mipya, na jumla uliyoielekeza B2 hadi B50 inaweza kuishia hapo hata majibu yakifika 300. Dawa ni kuacha mwisho wazi, B2:B, na hesabu zote ziwekwe kwenye karatasi tofauti, si kando ya majibu.

Asidhani mtu kwamba haya ni makosa ya wanafunzi tu. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi, makala iliyotajwa sana na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa kazi ya darasani ya kurudia matokeo ya makala fulani. Namba zikakataa kutoka. Alipopata lahajedwali yenyewe kutoka kwa waandishi, aliona wastani umechukuliwa kutoka mstari wa 30 hadi 44 badala ya 30 hadi 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Kulikuwa na mabishano mengine kuhusu mbinu zao, lakini hilo la mistari waandishi walilikubali. Wewe unayesoma hili ukiwa mwaka wa pili, ujue kwamba aliyeona alikuwa mwanafunzi mwenye zoezi la nyumbani.

Na Excel kugeuza vitu kuwa tarehe bila ruhusa, kama ilivyotupata sisi kwa namna yetu, imewashinda hata wanasayansi wa jeni. Jeni iliyoitwa MARCH1 ilikuwa ikigeuka kuwa tarehe 1 Machi. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kanuni mpya, na jeni hiyo sasa ni MARCHF1. Walibadili sayansi ili waishi kwa amani na lahajedwali.

Majina si ya ukutani

Hapa naomba tusome polepole. Faili letu lina safu inayosema nani amesamehewa mchango kwa kuwa hana uwezo. Wiki ya kwanza, kwa haraka, nilitoa kiungo cha faili zima kwa kila mwanajumuiya "mwenye kiungo anaweza kutazama". Sikufikiri. Ndugu mmoja alikuja kwangu baada ya Alasiri, akaangalia chini, akauliza kama jina lake linaweza kuondolewa kwenye ile orodha, yeye atatafuta pesa. Nilitamani ardhi inimeze.

Dashibodi inapaswa kusoma majumla peke yake. Kuficha safu au karatasi hakutoshi. Anayejua kunakili faili ataikuta. Tuna mafaili mawili sasa: la kamati, lenye majina, ambalo watu watatu tu wanaliona na lenye ile karatasi ya dashibodi ya kamati, na la wote, lenye namba nne zinazovutwa kwa IMPORTRANGE. Ndiyo, ile ile fomula ya kukagua kila saa. Kwa ukuta wa wote, saa moja si kitu. Ila ina jambo la kuangaliwa: ukishairuhusu faili la pili kuvuta kutoka la kwanza, mwenye haki ya kuhariri la pili anaweza kuandika fomula nyingine na kuvuta safu yoyote ya la kwanza. Kwa hiyo faili la wote linahaririwa na watu wale wale watatu, wengine ni watazamaji.

Lahajedwali inapofika mwisho

Google Sheets inabeba seli milioni 10 kwa faili. Karatasi ya Excel ina mistari 1,048,576. Hakuna jumuiya ya chuo itakayofika huko, na ukiona faili linazito mapema, sababu ni fomula zilizorundikana.

Lakini ukomo upo, na kuupita kunaweza kugharimu afya za watu. Oktoba 2020, wakati wa korona, shirika la afya ya umma la Uingereza, Public Health England, lilitangaza kuwa wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika takwimu za kila siku. Matokeo kutoka maabara yalikuwa yakipakiwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, hivyo faili moja lilijaa kwa wagonjwa kama 1,400, na waliozidi walianguka nje kimya kimya. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameambiwa majibu yao. Waliochelewa kujua ni wale waliotakiwa kuwatafuta watu waliokaa nao karibu. Dashibodi ya taifa ilikuwa hai, inabadilika kila siku, na namba zake zilikuwa pungufu.

Kwa hiyo nikiulizwa ni lini tuachane na lahajedwali tuhamie hifadhidata yenyewe, sijibu kwa idadi ya mistari. Naangalia kama waandishi wamezidi wale unaoweza kuwaita majina, kama mstari mmoja ukipotea hakuna daftari la kuurudisha, na kama faili linalishwa na mashine badala ya watu. Kamati ya mfuko wa wagonjwa imekaribia hapo. Maktaba bado sana, Sheets inawatosha kwa miaka.

Sisi tumeongeza kitu kimoja kisicho cha kompyuta. Saa nane na robo, kabla mama hajaenda sokoni, mmoja wetu anahesabu kwa kidole majina kwenye karatasi za mabweni, na kulinganisha na namba ya dashibodi. Inachukua dakika nne. Siku ya tarehe 19 zilitofautiana kwa mtu mmoja. Alikuwa ameandikwa mara mbili, kwenye fomu na kwenye karatasi. Mama mpishi alisema amwache alivyo, huenda ana njaa ya wawili.

Anayetaka nakala tupu ya faili letu, lenye uhakiki na mpangilio wa Uingereza tayari, anipate chumba cha swala baada ya Alasiri, Jumatatu na Alhamisi. Aje na akaunti yake ya Google ikiwa wazi, nenosiri awe analikumbuka.